Mkono wa Mkunga na Mkono wa Bwana

Neno kwa akina mama wajawazito, kwa waume zao na kwa wachungaji wao, lililotolewa katika mkutano wa maadhimisho ya ushirika wetu hapa Tororo

 

 Ninyi wa Tororo mnaoishi chini ya mwamba wetu, ninyi wa Malaba na wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, ninyi wa Nagongera, Mulanda, Amagoro na Bungoma, na wewe uliye mbali zaidi ambaye gazeti hili litakufikia ndani ya mkoba wa ndugu. Niliombwa nizungumze na akina mama. Nilipouliza nizungumze nini, dada mmoja mwenye mimba ya miezi minane akanijibu, "Mwinjilisti, zungumza kile kitu tunachoogopa na hatukisemi." Nikajua mara moja anasema nini.

Ni ile siku nesi anavaa glavu na kusema, "Mama, panda kitandani nikupime njia." Na ni lile neno la daktari, "Mama, siku zimepita, itabidi tukuanzishie uchungu." Tuna dada humu wanaoweza kukesha wakiomba mpaka asubuhi, lakini wakisikia maneno hayo mawili magoti yanalegea. Mwingine anaacha kliniki. Mwingine anahamia nyumba ya maombi na begi lake. Mwingine ameambiwa upande wa Kenya arudi Jumatatu aanzishiwe, Jumapili usiku anavuka kwenda kwa shangazi yake Uganda, kana kwamba ile mimba itazuiliwa mpakani na yeye apite.

Sikuja kumwaibisha mtu. Hofu hiyo ninaijua kwa mwili wangu mwenyewe. Nimekuja na neno moja tu: mkono wa mkunga haushindani na mkono wa Bwana. Na hofu hupungua ukijua kinachofanywa, ukijua unachoweza kuuliza, na usipokwenda peke yako.

KWANZA: WANAWAKE WA KIEBRANIA

Tuanze na Biblia. Kuna maombi tunayoyapenda sana katika ushirika wetu. Mama mjamzito akija mbele tunamwekea mikono, tunamtamkia kwamba atazaa kama wanawake wa Kiebrania, mkunga afike akute mtoto ameshalia. Tunasema Amina kwa nguvu. Siyapingi maombi hayo. Lakini hebu fungua Kutoka 1 usome kwa utulivu: ni nani aliyesema habari ile, alimwambia nani, na kwa nini?

Waliosema ni wakunga wenyewe, Shifra na Pua. Waliyemwambia ni Farao. Farao alikuwa amewaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania palepale wanapozaliwa. Wao walimcha Mungu, wakawaacha watoto waishi. Walipoitwa kujieleza, ndipo wakajibu kwamba wanawake wale wana nguvu na huzaa kabla wao hawajafika. Unaona? Lilikuwa jibu la kumkinga mtoto mbele ya mfalme muuaji. Halikuwa sheria kwamba mwanamke wa imani azae bila mkunga. Endelea kusoma: Mungu aliwatendea mema wakunga wale, akawajengea nyumba zao. Na angalia jambo hili. Farao yule hatajwi jina lake, lakini majina ya wale wakunga wawili tunayasoma mpaka leo.

Njoo Mwanzo 38. Tamari ana mapacha. Mtoto mmoja anatoa mkono kwanza. Mkunga yuko hapo, macho yake yako kazini, anaufunga mkono ule uzi mwekundu. Mkono unarudi ndani, anatoka ndugu yake, anaitwa Peresi. Sasa fungua Mathayo 1, utamkuta Peresi katika ukoo wa Yesu. Haleluya! Katika historia ya ukoo wa Bwana wetu yumo mkunga aliyekuwa makini na kazi yake.

Halafu Mwanzo 35. Raheli anashikwa na uchungu njiani, karibu na Bethlehemu, na kuzaa kwake kunakuwa kugumu. Mkunga anamtia moyo asiogope. Benyamini anazaliwa, Raheli anakufa. Tafuta mstari unaosema Raheli alikufa kwa kukosa imani. Haupo. Basi mama akianzishiwa uchungu, akipasuliwa, au hata akimpoteza mtoto, sisi tumepata wapi ruhusa ya kusema imani yake ilikuwa ndogo?

PILI: KUPIMWA NJIA NI NINI?

Mtoto yuko ndani ya kizazi, na kizazi kina mlango. Miezi yote mlango huo umefungwa, tena mgumu, kama ncha ya pua yako ukiigusa. Siku za kuzaa zikikaribia unalainika kama mdomo, unakuwa mfupi, unakuwa mwembamba, kisha unaanza kufunguka. Ukifika sentimita 10 umefunguka wote na mtoto anaweza kupita. Kwa kuwa mlango huo uko ndani, mkunga anaupima kwa vidole viwili vilivyo ndani ya glavu safi.

Anatafuta nini? Mlango umefunguka kiasi gani na umelainika kiasi gani. Kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi na kimeelekea upande gani. Chupa ya maji bado ni nzima au imepasuka. Basi. Vidole vile havisomi dhambi zako.

Nasema hivyo kwa sababu najua mambo ambayo dada zetu hunong'ona baada ya ibada. Kuna aliyewahi kutoa mimba kabla hajaokoka, anadhani nesi ataona na kutangaza. Kuna aliyelazimishwa na mtu akiwa msichana. Moyo wake umesamehe lakini mwili unakumbuka, na kitanda kile kinamrudisha siku ile. Kuna dada zetu wa upande wa Mlima Elgon, Sabiny na Sabaot, waliokeketwa kabla Uganda haijatunga sheria ya kukataza mwaka 2010 na Kenya mwaka 2011. Dada yangu, ikiwa ni wewe, mwambie mkunga kabla hajaanza. Maneno machache yanatosha: "Sista, niliumizwa zamani, naomba uende polepole na uniambie kila unachofanya." Si lazima umhadithie yote. Lakini kama ulikeketwa, sema mapema kliniki, kwa sababu kovu linaweza kubadilisha namna watakavyokusaidia kuzaa.

Unapimwa mara ngapi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema kwamba kwa mama asiye na tatizo, uchungu ukishakolea, yaani kuanzia sentimita 5, inatosha kumpima kila baada ya saa 4. Ikionekana dalili ya shida, watakupima kabla ya hapo. Lakini si kila anayeingia zamu, na si kila mwanafunzi aliye mafunzoni, lazima apime. Unaweza kuuliza kwa adabu, "Sista, nimepimwa saa mbili iliyopita. Kuna sababu ya kunipima tena?" Hilo si kiburi. Kupimwa mara nyingi bila sababu kunaweza kuingiza uambukizo, hasa chupa ikiwa imeshapasuka.

Na sikia hili vizuri: kama unatoka damu katika miezi ya mwisho, sema kabla mtu yeyote hajakupima ndani. Wakati mwingine zalio limelala chini, limefunika mlango, na kidole kinaweza kuamsha damu nyingi ya hatari. Hapo skani hutangulia.

Sasa, utavumiliaje? Nenda haja ndogo kwanza. Omba pazia livutwe. Jifunike leso mpaka magotini. Weka ngumi zako mbili chini ya makalio, njia inafikika kwa urahisi zaidi. Legeza taya, kwa maana mwenye kuuma meno anakaza na huko chini. Vuta pumzi kwa pua, na mkunga anapoingiza vidole, itoe polepole kwa mdomo. Mimi nilikuwa natoa pumzi nikiita jina la Yesu, nikilivuta mpaka pumzi iishe. Na kubaliana na mkunga mapema: ukisema "ngoja," anangoja.

Sitakudanganya kwamba husikii kitu. Inabana, inakera, na kwa wengine inauma kweli. Lakini kwa kawaida ni dakika moja au mbili. Baadaye unaweza kuona ute wenye damu kidogo, usishtuke. Damu ikitiririka kama hedhi, rudi uonwe.

TATU: KUANZISHIWA UCHUNGU

Mimba huhesabiwa wiki 40, siku 280, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Lakini watoto wanaozaliwa tarehe ileile iliyoandikwa ni wachache, kama mmoja kati ya 20. Kwa hiyo kupitisha siku tatu au nne si ugonjwa, wala si shangazi amekufunga kizazi. Nawaomba tuache huo mchezo wa kumtafuta mchawi kila tarehe ikipita.

Lakini pia usikae tu ukisema mtoto atakuja akitaka. Zalio ndilo linalomlisha mtoto, na kadiri siku zinavyozidi kupita, kwa watoto wengine linaanza kuchoka. Hatari ya mtoto kufia tumboni ni ndogo, lakini inapanda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kumwanzishia mama ambaye inajulikana kwa uhakika kwamba amefikisha wiki 41, na halishauri kumwanzishia mama asiye na tatizo kabla ya hapo.

Shika neno hilo, "kwa uhakika." Hapa mpakani ndipo tunapoponzeka. Mama anaanza kliniki Malaba ya Kenya akiwa na miezi saba, kitabu kinabaki kwa mama mkwe, anakuja kuzalia Tororo na hakumbuki hedhi yake ya mwisho. Daktari atajuaje kama ni wiki 38 au 42? Anza kliniki kabla ya wiki 12. Andika tarehe ya hedhi mahali usipoipoteza. Ukipata nafasi ya skani, ifanye kabla ya wiki 24, maana skani ya mapema hukisia tarehe vizuri kuliko ya mwishoni. Na kitabu chako kivuke mpaka pamoja nawe.

Kuna sababu nyingine za kuanzishiwa: presha imepanda na kifafa cha mimba kinanyemelea, chupa imepasuka na uchungu hauji, mama ana kisukari, mtoto hakui inavyotakiwa. Na wakati mwingine, Mungu atufariji, mtoto ameshatutoka tumboni na mama lazima asaidiwe. Mama wa namna hiyo akirudi nyumbani, nenda ukakae naye. Usimpelekee mahubiri.

Inafanywaje? Mara nyingi mkunga hupima kwanza mlango. Ukiwa umeanza kulainika anaweza kuzungusha kidole ndani ya mlango ili kuuachanisha utando wa chupa na ukuta wa kizazi. Unarudi nyumbani, tumbo linasokota kidogo, na mara nyingine uchungu unakuja wenyewe. Mlango ukiwa bado mgumu, hospitali hutumia dawa ya kuulainisha, misoprostoli, kwa kipimo kidogo sana kinachorudiwa baada ya saa kadhaa. Au wanaweka mpira mwembamba wenye puto la maji linalosukuma mlango polepole. Mlango ukishakubali, wanaweza kupasua chupa na kukuwekea dripu ya oksitosini ili uchungu uje na ukolee.

Hii kazi ina subira. Inaweza kuchukua siku nzima, hata mbili, hasa kwa mtoto wa kwanza. Ukikaa wodini tangu Jumatatu na Jumanne hujazaa, usianze kusema Mungu amekuacha. Mlango unalainishwa. Dripu ikianza, uchungu unaweza kuja kwa nguvu na kwa kufuatana. Uliza mapema kuna msaada gani wa maumivu, na kama unaweza kutembea au kukaa utakavyo.

Yako mambo matatu ya kushika.

La kwanza, anzishiwa mahali ambapo utaangaliwa wakati wote, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe, na chumba cha upasuaji kiwe karibu. Uganda, kituo cha afya cha daraja la IV ndicho kilichopangiwa kuwa na chumba cha upasuaji, kisha hospitali kama Tororo, Mtakatifu Anthony au Masafu. Kenya, angalia hospitali ya daraja la 4 kwenda juu, kama ile ya rufaa ya Kaunti ya Busia. Mkunga wa kituo cha III akikuandikia barua uende mbele, hajakukataa. Anajua kazi yake.

La pili, kama uliwahi kupasuliwa, sema, na useme tena zamu ikibadilika. Misoprostoli haifai kwa kizazi chenye kovu la upasuaji, kinaweza kuchanika.

La tatu, usijianzishie nyumbani. Usinunue vidonge vya mlango wa nyuma dukani. Na ile mumbwa, ule udongo uliokandwa na mitishamba unaouzwa sokoni, pamoja na majani ya bibi, vikikaza kizazi hakuna anayejua kipimo. Ukinywa hivyo halafu hospitali ikakuwekea dripu, umeweka moto juu ya moto. Kama umeshakunywa kitu, mwambie mkunga. Heri akufokee akijua kuliko akutibu hajui.

Mtoto wangu wa tatu alipitisha wiki 41. Niliingia wodini nikiwa nimefunga siku tatu, nikiomba uchungu uje wenyewe. Mkunga wa zamu, mama mtu mzima, aliniambia, "Mama, kunywa chai kwanza. Kazi iliyo mbele inahitaji nguvu." Akanieleza hatua zote, akaniambia atakaponigusa na kwa nini. Ilikuwa jioni, nikazaa siku ya pili yake alasiri. Yule mtoto sasa anapiga ngoma katika kwaya ya watoto, na sijaona upako wake ukipungukiwa kwa sababu uchungu wake uliletwa na dripu.

NNE: HESHIMA NI HAKI YAKO

Sasa niseme upande mwingine, maana hofu ya akina mama haikutoka hewani. Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia mahali ambapo sitapataja. Nesi alinipima bila kuniambia hata neno. Nilipolia akaniuliza, "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulilia?" Naona mnatikisa vichwa. Mmeisikia hiyo.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2019 ulitolewa utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani katika Ghana, Guinea, Nigeria na Myanmar. Watafiti walisimama wodini wakaangalia, wakakuta karibu 6 kati ya kila 10 za kupimwa njia zilifanywa bila mama kuombwa ruhusa.

Na hapa karibu kwetu, Bungoma, mama mmoja mwaka 2013 alianzishiwa uchungu katika hospitali ya serikali, hakuangaliwa, akajifungua sakafuni, akazinduka anafokewa na kupigwa makofi. Alikwenda mahakamani. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikasema haki zake na heshima yake zilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Upande wa Uganda, Agosti 2020, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi kwa akina mama wanaojifungua ni kuvunja katiba. Kwa hiyo popote utakapozalia, upande huu wa mpaka au ule, heshima si zawadi ya nesi mwenye moyo mzuri. Ni haki yako.

Kudai haki si kugombana. Jifunze maswali haya manne, yaseme kwa sauti ya upole: "Unanipima kwa nini? Umepata nini? Nikingoja kuna hatari gani? Baada ya hapa nini kinafuata?" Mkunga mzuri atafurahi kuyajibu.

Na tuwaheshimu wakunga pia. Mara nyingine ni mmoja, usiku, ana akina mama wengi, mwingine anatoka damu, na glavu zinakwisha. Tunawaombea wafalme na wabunge kila Jumapili. Lini tuliwaombea wakunga wa wodi ya leba?

TANO: HOFU YENYEWE UIFANYEJE?

Wengine wetu tumefundishwa kuikemea hofu tu. Ikemee, lakini pia iangalie usoni. Hofu hukaza misuli, na misuli iliyokazwa huuma zaidi. Kwa hiyo kuituliza hofu ni sehemu ya kujitayarisha kuzaa, kama vile kununua pamba na nguo za mtoto.

Itaje kwa Mungu kwa jina lake. Usiseme tu, "Bwana, niondolee hofu." Mwambie, "Bwana, naogopa mkono. Naogopa kuvuliwa nguo mbele ya wageni. Naogopa dripu. Naogopa kufa." Bwana Yesu kule Gethsemane alimwambia Baba wazi kikombe alichokuwa anakiogopa, mpaka jasho likamtoka. Na angalia, hakutaka kuwa peke yake. Aliwaomba rafiki watatu wakeshe pamoja naye, nao wakalala. Kama Mwana wa Mungu aliomba mtu wa kukaa naye saa ya uchungu, wewe mama wa Malaba unaona haya ya nini?

Chagua mtu wako mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na mtu anayemtaka kando yake wakati wa kuzaa. Katika mwezi wa nane nenda hospitali mkiwa wawili, uliza kama anaruhusiwa kuingia na mpaka wapi, ione wodi, uone na vitanda. Kitu ulichokwisha kukiona kinatisha kidogo kuliko ulichohadithiwa. Kila usiku kabla ya kulala fanya mazoezi ya ile pumzi mara kumi. Na wale wanaokuja na hadithi za kutisha, waambie kwa upendo, "Mama, hiyo nihadithie baada ya arobaini."

Lakini kama hofu inakunyima usingizi usiku baada ya usiku, moyo unakimbia bila sababu, huli, au unaona heri ufe, hiyo mwambie mhudumu wa afya wa kliniki. Ina tiba. Kuitafuta tiba si kumkana Bwana.

Na ziko hofu za kuzitii. Ukiona mtoto hachezi kama kawaida, damu, maji yamemwagika, kichwa kinauma sana na macho yanaona giza, degedege, au homa kali, usisubiri ibada iishe. Ondoka.

SITA: WAUME NA WACHUNGAJI

Baba, huko nyuma ulipoketi, hii ni yako pia. Neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka wetu huu, baiskeli zikivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Ingekuwa aibu sisi wenye bodaboda tukose ya kumpeleka mama hospitali usiku. Weka akiba, kubaliana na dereva mapema, iwe namba yake iko kwenye simu yako na ya mkeo. Amueni sasa, mkiwa na akili tulivu, mtaenda hospitali gani. Na daktari akisema aanzishiwe, usimwambie mkeo angoje ukaulize kwa wazee. Uliza yale maswali manne, muamue pamoja.

Mchungaji wangu, mtumishi wa Mungu, nakuheshimu. Ukipigiwa simu saa tisa usiku, omba, lakini omba pikipiki ikiwa imeshawashwa. Usimwambie mama yeyote aondoke wodini. Na Jumapili ya kumshukuru Mungu, aliyeanzishiwa, aliyepasuliwa na aliyezaa kama Mwebrania wote wapande madhabahuni kwa shangwe ileile.

Nina ombi kwa ushirika wote katika maadhimisho haya. Kila tawi, upande wa Uganda na upande wa Kenya, lichague akina mama wawili wenye moyo wa upole na mdomo wa siri. Kazi yao iwe kumsindikiza mama kliniki, kukaa naye leba akiruhusiwa, na akiwa amevuka mpaka, kumpigia simu mwenzao wa upande wa pili ampokee. Haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji nauli, chai ya chupa, na mtu asiyelala kama wale wanafunzi watatu.

TUOMBE

Mama unayesoma hapa, weka mkono wako juu ya tumbo. Baba, weka wako juu ya wake.

Bwana, wewe unamwona mtoto huyu kabla ya skani yoyote. Mwangalie mama yake. Siku atakapopanda kitandani, umpe pumzi ndefu na ulimi wa kuuliza. Mpe mkunga macho ya kuona, mikono safi na maneno mema. Uchungu ukija wenyewe, tutakushukuru. Ukiletwa na dripu, tutakushukuru vilevile. Wale waliorudi nyumbani mikono mitupu uwakumbatie, na utufundishe kukaa nao kimya. Katika jina la Yesu. Amina.